Jina la Sabuni, Mara Kumi

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa pikapu, sono na jina moja la kutamka. Sono ni ile mitambo ya vipaza sauti tuliyofunga juu ya gari. Jina lilikuwa Rolari, sabuni ya kipande ambayo hapa Kigali kila nyumba ilikuwa nayo. Meneja wa Mauzo, Mkenya asiyecheka ovyo, aliniambia, "Wewe umekulia Tanzania, ulimi wako umenyooka. Hilo jina lisiharibike."

Nilivimba kichwa, siwafichi. Vijana, mimi nilizaliwa ukimbizini Karagwe, na shuleni nilikuwa kichekesho cha darasa kwa kusema "kurara" na "kalibu", maana sisi Wanyarwanda r na l hatuzitofautishi sana. Nilijirekebisha kwa machozi. Sasa ulimi uleule ulikuwa unanilisha.

Nilizunguka na pikapu miaka mingi, kisha nikapandishwa kuwa msimamizi wa wanadi, yaani wale wanaosimama sokoni na beseni, wakifua kitambaa mbele ya watu huku wakilisifia povu. Hapo nikaanzisha kipimo changu. Kila mnadi alitamka jina mara kumi mbele ya wenzake, na akipatia wanampigia makofi.

Vestine wa soko la Masaka, hapahapa Kigali, aliwashinda wote kwa kunadi. Akiweka beseni chini, wanawake wanaacha nyanya zao wanakuja kumtazama. Alikuwa anajenga chumba na sebule kwa kazi ile. Ila alisema "Lolali", na mimi sikio liliniwasha kila nikimsikia. Basi siku moja nikamshikisha kipaza sauti palepale sokoni, nikaiacha sono imewashwa.

"Rudia."

"Lolali."

"Rudia!"

Soko zima lilisikia. Wamotari, hawa waendesha pikipiki za abiria, wakaanza kumwigiza kwa vicheko. Mara ya saba alinitazama, akasema polepole, "Muzehe, inatosha." Hata hilo sono ililipaza. Nilimwandikia Meneja kwamba ulimi wa Vestine unaliharibu jina, na wiki ileile akaachishwa kazi.

Miezi michache baadaye akaja Mkurugenzi kutoka ng'ambo, huko sabuni ilikoanzia. Alipolitaja jina, haki ya Mungu, zile r zote alizimeza kooni! Halikuwa jina langu, wala la Vestine. Meneja akamuuliza lipi ndilo sahihi.

Alicheka. "Kila nchi inalitamka kivyake. Sisi tunafurahi tu kwamba mnalitaja." Halafu akauliza, "Nimepita Masaka, watu wanamuulizia mama mmoja wa beseni. Yuko wapi?"

Meneja akainamia karatasi zake, akaniachia mimi nijibu. Sentensi moja ya kweli ingemrudisha Vestine kazini. Nikasema, "Aliacha mwenyewe."

Nilistaafu kwa hotuba na saa ya ukutani. Naishi Kagarama, na wajukuu wakiniomba niwasimulie kazi yangu, nawasimulia habari za pikapu tu. Aibu hii niliibeba peke yangu miaka yote, ikanichosha.

Mwezi uliopita nilikwenda Batsinda kumjulia hali shemeji yangu, nikaingia dukani nimnunulie sabuni. Muuzaji alikuwa Vestine, kichwa kimejaa mvi. Alinitambua mara moja. "Karibu, muzehe. Nikupe nini?"

Lile jina likanikwama. Nikanyoosha kidole.

"Ile ya bluu?" akauliza.

Nyuma yangu mama mmoja akadakia, "Na mimi nipe Lolali mbili."

"Ya bluu iko," Vestine akamjibu, akampa.

Nilingoja yule mama atoke, nikasema yote, kipimo changu na ule uongo wangu mbele ya Mkurugenzi. "Vestine, nilikukosea. Naona aibu hata kukutazama."

Alikuwa anaifunga sabuni kwenye karatasi, wala hakuacha. "Nyumba nilimaliza, muzehe. Ilichukua muda mrefu tu."

"Basi litaje hilo jina," nikamwomba kama mpumbavu. "Litaje unavyotaka, sitakusahihisha."

Alichungulia mlangoni, kisha akanikabidhi sabuni yangu.

"Hapana, muzehe," akasema kwa sauti ndogo. "Watu watasikia."

Nje hapakuwa na mtu.