Zubeda, fundi aliyegeuza askari kuwa michikichi

Kichwa changu kinakataa bado. Binti yake aliniandikia asubuhi kwamba mama ametutoka, nami nikamjibu, "Mama yupi?" kana kwamba alikuwa nao wawili.

Zubeda, fundi cherehani wa Rumonge, rafiki yangu wa miaka ya vita. Wengi wenu mliolewa mmevaa nguo alizoshona. Mimi nakumbuka zile zilizovaliwa mara moja tu.

Nilikuwa karani kijana, napiga mashini ya kuandikia katika ofisi ya serikali, na niliogopa kila kitu: milio ya milimani, gari likisimama ghafla, hata mlango ukifungwa. Zubeda aliniita Sekretere. Alidai hata kupumua naomba ruhusa kwanza kwa barua.

Krismasi moja watoto wa kanisa letu walitaka kuigiza kuzaliwa kwa Yesu. Nikampelekea kitambaa cha kijani, kwa kuwa ndicho kilichokuwa rahisi sokoni, ashone nguo za askari wanne wa Herode.

Yeye Mwislamu, lakini alitaka kujua habari zote za huyo mfalme aliyetuma watu wakaue watoto wachanga. Akasema mtu mbaya kiasi hicho lazima askari wake wawe wanapendeza.

Asubuhi ya siku yenyewe nikakuta sare nne ndogo zimetundikwa barazani kwake, zinatazama barabara. Mifuko, mikanda, hata kamba za mabegani.

Wiki ileile nilikuwa nimepiga tangazo kwa vidole vyangu mwenyewe: raia asikutwe na nguo zinazofanana na za jeshi. Na ilikuwa lazima watoto wetu wapite bariyeri, kile kizuizi cha askari barabarani, ili wafike kanisani.

Nikamwambia azianue haraka. Akanicheka.

"Sekretere, askari wangu mukubwa iko na miaka nane."

"Wa bariyeri hataangalia miaka, Zubeda. Ataangalia rangi."

Kicheko kikamwisha. Akazishusha zote, akachukua mkasi.

Ilikuwa saa nne. Mchezo ulikuwa saa nane.

Alizikata kamba za mabegani, akachana suruali vipande virefu virefu, akavishona kwenye magunia ya mihogo. Nikauliza anatengeneza nini. Akaniambia nitazame nje. Nje kulikuwa na kile kilichopo kila mahali kwetu, kuanzia Minago hadi Kigwena: michikichi.

Nami akanipa sindano, mimi nisiyejua kufunga hata kifungo. Nilishona tawi zima pamoja na sketi yangu. Ikabidi anifumue mimi kwanza.

Saa saba na nusu tukafika bariyeri, watoto wanne wamevaa majani mpaka miguuni. Askari akamwinamia mdogo kuliko wote, akamuuliza yeye ni nani.

"Mimi ni muchikichi," mtoto akasema.

Askari akamzunguka mara moja, akagusa jani, akauliza kama tayari anazaa. Kisha akatufungulia njia.

Kanisani hakuna aliyemwambia Herode kwamba hana jeshi tena. Alisimama juu ya kiti, akaita askari wake, akawaamuru waende Bethlehemu. Michikichi minne ikatazamana.

Yule mdogo ndiye aliyejibu: "Sisi ni miti. Hatutembei."

Watu walicheka mpaka mchungaji akakaa chini. Tulikuwa hatujacheka hivyo kwa muda mrefu. Herode akabaki peke yake na kiti chake, na mwaka ule watoto wote wa Bethlehemu wakapona.

Nawe Zubeda ulikuwa nyuma kabisa, uzi bado mdomoni, unacheka kutushinda sisi Wakristo.

Wale wanne wote walikua. Wote ni wazazi leo. Binti yako ameniambia kwamba yule mdogo alikuwa kati ya waliokubeba kwenda makaburini adhuhuri.

Murakoze, asante, rafiki yangu. Weka mkasi chini sasa, ulale kwa amani.