Mkate Kwenye Neti ya Omena

Wewe ukiingia dukani kununua mkate, unaibonyeza kwanza ama haubonyezi? Usinidanganye. Kila mtu hapa anabonyeza. Anaweka kidole juu ya karatasi, anasukuma, mkate inazama halafu inarudi juu, ndio anasema eeh, hii ni ya leo, nifungie.

Sasa hiyo mkate inayorudi juu ndiyo imenihangaisha mimi tangu niolewe.

Mimi si wa huku. Nimezaliwa ng'ambo ya boda, upande wa Tanzania, na ni Mjaluo kama hawa tu. Lugha ni moja, samaki ni moja, mpaka matusi ni moja. Watu wanadhani ukivuka namna hiyo hujaenda mahali. Ngoja asubuhi ifike, uwekewe chai na mkate. Hapo ndio utajua uko ugenini.

Kwetu kulikuwa na mama mmoja alikuwa anapika mkate ndani ya pipa, amelizika kwa udongo, kuni chini. Mkate yake ilikuwa na ngozi ngumu kama ya mguu wa mkulima. Mama yetu alikuwa anaiacha siku mbili, halafu anakata vipande vinene, anaweka juu ya waya ya kuchomea samaki, makaa kidogo. Ukiuma, inalia. Krrr! Mimi na dada yangu mkubwa tulikuwa tunashindana nani mkate yake italia mpaka isikike nje. Yeye alikuwa anashinda. Alikuwa na meno kama ya punda, na mimi namwambia hivyo mpaka leo.

Basi nikaolewa Migori. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, tulikuwa tunakaa mjini. Nilipozaa mtoto wa kwanza, dada yangu akavuka boda kuja kuniona. Mume wangu kwa furaha alikimbia dukani akaleta mkate kubwa kuliko zote, nyeupe, imekatwa tayari, imefungwa na karatasi inang'aa. Nikaichoma. Wapi! Ile mkate ukiweka kwa makaa inaungua juu, ndani inabaki kama pamba. Dada yangu akauma. Kimya. Hakuna krrr. Akaiweka chini, akabonyeza na kidole, ikarudi. Halafu, na mama mkwe wangu amekaa hapo hapo, dada yangu akasema:

"Nyaminwa, yaani umeolewa kwa watu wanakula godoro?"

Nyaminwa maana yake ni dada, ndivyo tunaitana. Watu walicheka. Mume wangu alicheka kuliko wote, alikuwa mtu wa kucheka. Lakini usiku wakati wa kulala aliniuliza polepole, "Kwani kwenu mnakulanga nini?" Na mimi nikaona hii maneno imeingia mahali. Haikuwa maneno ya mkate tena. Ilikuwa kama dada yangu amesema nimeolewa vibaya.

Na hakuacha. Simu za mkononi zilipokuja ndio akapata nafasi. Tunaongea vizuri, habari za watoto, habari za mvua, nani amekufa, halafu akimaliza anasema, "Haya, salimia godoro." Miaka yote hiyo! Mume wangu akazeeka, tukahamia kwao hapa Homa Bay, karibu na ziwa, akafariki, nikamzika, na dada yangu bado anasalimia godoro.

Sasa juzi juzi, si zamani, akanipigia. Macho yake imeharibika, mtoto wa jicho, zote mbili. Anakuja kufanyiwa operesheni huku Homa Bay, na kabla ya hiyo siku atakaa kwangu. Nilisema karibu sana. Nikaweka simu chini na sikuweza kukaa. Nilifagia uwanja. Nikafagia tena. Mwanamke wa jirani akaniuliza kama kuna matanga. Nilikuwa nafikiria kitu moja tu: huyu ni mzee, mimi ni mzee, labda hatarudi hapa tena. Nataka akae kwa nyumba ambayo mume wangu alinijengea, aume tosti, ilie, anyamaze.

Mkate ndio sina.

Homa Bay nilizunguka mjini mpaka miguu ikafura. Supamaketi naingia, nabonyeza zote. Zote zinarudi juu. Kijana wa pale akaniambia, "Mathe, hizo ni fresh, usijali." Nikamwambia ndio sababu najali. Aliniangalia kama mtu amepotea. Usiku silali, nageuka hivi, nageuka hivi. Alfajiri nikakumbuka Migori kuna mzee wa Kiislamu, mtu wa Pwani, amekuwa na beikari karibu na soko tangu tukiishi kule. Nikavaa viatu. Chai sikunywa.

Nikamwelezea yote, mpaka pipa. Alinisikiza vizuri, ana unga mpaka kwa ndevu.

"Bi mkubwa," akasema, "mkate wa kuchoma haununuliwi wa leo. Lazima ulale."

"Ulale wapi?"

"Hapo kwenye rafu. Siku mbili, utoke maji. Lakini hapa nani atanunua mkate uliolala? Watu hawali mkate hawa, wanabebeana. Kila mtu anakwenda kwa mtu, anataka mkate laini wa kumpelekea."

Wacha nikuambie, yule mzee alisema kweli. Nimeishi na hiyo kitu na sikuiona. Huku mtu akienda kutembelea mwingine anabeba sukari na mkate. Ukifika na mkate ngumu, ni kama umemtukana mwenye nyumba. Ndio maana wanabonyeza.

"Basi nipikie moja," nikamwambia. "Usiikate, sukari weka kidogo, halafu uilaze."

"Unampelekea nani?"

"Dada yangu."

"Amekukosea nini, bi mkubwa, hata umpe mkate wa juzi?"

Tukacheka. Lakini alipika. Mimi nikarudi nyumbani, na kila asubuhi nampigia simu: "Imelala?" Ananijibu, "Imelala, na wewe lala." Siku ya tatu nilikuwa Migori kabla hajafungua mlango. Akaniletea. Nikabonyeza, kidole ikakataa kuingia. Nikagonga chini yake na vidole, ikajibu ko ko ko kama mlango ya mbao. Wuololo! Nilitaka kumkumbatia yule mzee, nikakumbuka dini yake na umri wangu.

Nikaifunga na leso, nikaiweka chini kabisa ya kikapu. Dada yangu anafika kesho yake saa sita. Nina siku nzima. Nilikuwa na furaha mpaka najiongelesha.

Sasa sikia balaa. Nikifika Rongo mvua ikaanguka, mvua ya kupiga watu. Na hapo Rongo ndio wifi yangu anakaa, dada ya marehemu, na mjukuu wangu msichana anasoma chuo kikuu hapo, analala kwake. Nitapita vipi? Mtu akikuona umepita mlango ya wifi yako na mvua inanyesha, hiyo ni kesi ya ukoo. Nikanunua sukari kilo mbili, nikaingia.

Mjukuu wangu akanipokea mlangoni, mtoto wa adabu, akapiga goti kidogo, akachukua kikapu kwa mkono wangu, akapeleka jikoni. Mimi nikakaa, nikaulizwa habari za Homa Bay, nikaanza kueleza. Halafu nikasikia kisu.

Krrr. Krrr. Krrr.

Niliijua hiyo sauti.

Wewe ungesema nini? Huku mkate ikishavuka mlango, ni ya nyumba. Hakuna mtu anauliza ni ya nani. Huwezi kusimama mbele ya wifi yako useme rudisha hiyo kwa kikapu, si yako. Maneno hayo hayarudi. Nilishika mikono yangu miwili juu ya magoti, nikakaa hivyo.

Ikaletwa kwa sahani, vipande vinene, na chai. Watoto wa jirani pia wakasikia harufu. Wifi yangu akatafuna, akatafuna.

"Wifi," akasema, "siku hizi mkate mnanunua kwa fundi wa mawe? Lakini ni tamu. " Akamgeukia mjukuu wangu. "Mama, kata hiyo imebaki imalizike."

Imalizike! Nilipewa kipande yangu. Niliila nikiangalia sahani.

Mvua ikakatika, mjukuu akanisindikiza. Barabarani nikamwambia ile mkate ilikuwa ya nani. Alisimama, akashika kichwa.

"Aki dani! Si ungenikonyeza tu?" Dani ni nyanya, ndivyo ananiita.

"Nikukonyeze na wifi yangu ananiangalia mdomo?"

"Aki hapo nimekuharibia. Ngoja." Akarudi mbio, akatoka na begi ya vitabu mgongoni. "Naenda na wewe. Huyo mgeni tutampata na kitu."

Tulifika jioni. Dukani kwetu kulikuwa na mkate moja imebaki, ile ile, nyeupe, godoro kabisa. Tukanunua. Usiku huo nilisimama nikakaa, nikasimama nikakaa, mpaka mjukuu akaniambia, "Dani, unanizungusha kichwa." Na hapo ndio ikaniingia akilini. Yule mzee alisema mkate itoke maji. Sasa mimi ninakaa ufuoni. Hapa tunatoa maji kwa omena, wale dagaa wadogo wa ziwa, nusu siku tu, jua likiwa vizuri. Kwa nini mkate ishindwe?

Asubuhi jua likitoka, tukatandaza vipande kwenye neti yangu ya omena. Mjukuu alitaka kuosha neti kwanza. Nikamwambia hakuna wakati. Hiyo ndiyo ilikuwa makosa yangu, lakini ngoja.

Jirani yangu anaanika omena yake hapo kando. Alikuja, akaangalia, akaita wenzake.

"Mama, hii samaki imevuliwa ufuo gani?"

"Endeni kazi yenu."

"Hapana, tuambie. Inauzwa na debe ama na kipande?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikuwa nazunguka neti na fimbo, kunguru huku, kuku huku, nageuza vipande upande wa pili, naangalia jua, naangalia barabara. Sijui kama kuna siku nimetembea hivyo na sikutoka mahali.

Saa sita ikapita kidogo, dada yangu akaletwa na mtoto wake mpaka mlangoni. Yawa! Yule mwanamke mrefu alikuwa amekuwa mdogo. Anatafuta mlango na mkono. Nikamshika, akanigusa uso wote, akasema, "Ni wewe. Pua bado ni kubwa." Mtoto wake akaenda hospitali kuuliza mambo ya kesho. Sisi tukabaki watatu.

Nikachoma. Waya ile ile ya samaki, makaa kidogo, kama mama. Na ilikauka, nakuapia, ikawa rangi ya kahawia, ngumu. Nikapaka siagi, nikamwekea mkononi. Mimi nimesimama. Siwezi kukaa.

Akaishika. Akaigonga na ukucha. Akainusa, akainusa tena.

"Nyaminwa," akasema, "mbona inanuka soko?"

Mjukuu alitoka nje kucheka. Mimi nikasema, "Uma kwanza."

Hakuuma. Akafungua mdomo, akanionyesha. Hakuna kitu. Ile meno ya punda yote imeenda, imebaki mbili huku chini, na hizo hazikutani na mwenzake.

"Sili kitu ngumu siku hizi," akasema, sauti chini. "Watoto wananiletea mkate kutoka Kenya. Ile laini. Nachovya kwa chai. Godoro. Njia yote nilikuwa nafikiria utanipatia godoro."

Mimi sikujua nilie au nimpige. Miaka yote hiyo! Migori nimeenda mara mbili, miguu imefura, jirani wamenicheka, na mwenye maneno anakula godoro kwake kimya kimya na haniambii!

Halafu akaniambia, "Njoo hapa karibu. Uma wewe. Hapa kwa sikio."

Nikainama. Nikaweka mdomo kando ya sikio yake, nikauma.

Krrr!

Akafunga yale macho hayaoni. "Tena," akasema. Nikauma tena. Nilimaliza kipande mzima hivyo, nimeinama, mgongo inauma, siagi inanitiririka kidevuni. Na alipoongea alisema maneno mawili tu.

"Imelia. Umeshinda."

Hapo ndio nilikaa. Mara ya kwanza tangu alipopiga simu, nilikaa kwa kiti na nikaegemea.

Nikamtuma mjukuu duka, akaleta godoro mpya ya siku hiyo, dada yangu akachovya kwa chai, akala vipande vinne, mimi nikala tosti ya omena. Operesheni ilienda vizuri. Siku alifunguliwa bandeji ya kwanza aliniangalia muda mrefu, akasema, "Aa, umezeeka hivi?" Alirudi kwao amebeba mkate tatu, amezibonyeza zote mwenyewe.

Lakini mimi bado nina meno, unaona? Na ile mkate ya Migori ya kweli nilionja kipande moja tu, kwa nyumba ya wifi. Bado naifikiria. Siku mjukuu wangu alikuwa anarudi Rongo alinikuta nje nazunguka tu bila kazi, akajua. Akavaa begi yake ya vitabu mgongoni, akanishika mkono, akasema:

"Dani, kila nikija nitapitia kwa yule mzee, nibebe mkate mbili. Moja laini, hiyo ya mlangoni, ya nyumba. Ingine ni yako, ngumu, nitaificha katikati ya vitabu, na hata nikipita kwa nani, mvua ikinyesha namna gani, hii begi sitaiweka chini mpaka nifike kwako."