Posa Iliyokosa Pilau

Nakumbuka siku moja, mwanangu, wanaume sita walinawa mikono sebuleni kwangu Temeke, wakakaa kungoja chakula, na chakula chenyewe kiko mbele yao. Kaa nikusimulie, na usicheke kabla sijafika pa kuchekea.

Mume wangu Sefu alikuwa karani bandarini, mtu wa mwili wake. Akaanza kunywa maji kama kaajiriwa kuyamaliza, mara kizunguzungu, mara miguu inamuwaka moto. Zahanati wakampima, wakamwambia ana sukari, apunguze wanga: ugali, wali, mihogo, mikate. Apunguze, walisema. Mie nikafuta kabisa. Nilikuwa kijana bado, nina mtoto mmoja, na nikilifikiria neno ujane usingizi unaniruka. Nikamwambia, "Baba Rukia, huachi peke yako. Ukila mchicha, na mie nala mchicha."

Na balaa lenyewe lilikuja wakati mbaya jamani! Miaka ya foleni, vyakula vimeadimika, tulikula unga wa njano bila kuchagua. Zikaja zama za ruksa, biashara imefunguliwa, mchele umejaa madukani, mweupe, mzuri, ndipo sie tunaambiwa basi. Uliokuwa ndani nikaugawa kwa majirani. Asubuhi mayai, mchana samaki na bamia, jioni kabichi. Siku ya nne Sefu akaniuliza kwa upole, "Mama Rukia, hivi hata mbuzi si hubadilishiwa majani?" Nikamwambia ale. Na mie, wallahi, nilikuwa naota chapati. Jirani akisonga ugali, mwiko ukigonga sufuria, machozi yananilenga.

Wiki ya tatu akaalikwa harusini Mbagala. Akala sahani tatu za pilau, akarudishwa kashikwa huku na huku, kichwa kinamlegea. Nililia siku ile. Nikaapa kwamba wanga hauingii tena nyumba yangu, aje nani aje nani.

Sasa, tulikuwa tunakaa na wifi yangu Zubeda, mdogo wake Sefu. Kijana mmoja wa Buguruni, fundi cherehani, alishaleta posa, na Zubeda alimpenda mpaka akawa anatia chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Ikapangwa wazee wa kijana waje Jumapili kuchukua jibu. Jibu lilikuwa ndiyo, wala hakuna aliyepinga. Ila kwetu mgeni hulishwa kwanza, maneno baadaye.

Jumamosi Zubeda akanifuata jikoni. "Wifi yangu, kesho pilau nitapika mie. Wewe hutagusa hata sufuria."

"Pilau ikipikwa humu kaka yako ataila. Unataka kuolewa au unataka kuzika?"

Maskini, akageuka akatoka.

Wakaja, kanzu zimenyooshwa, mbele yao mshenga, Mzee Shomari, ambaye ndiye aliyekuwa akipeleka maneno baina ya nyumba mbili. Nikaandaa: kuku wa kupaka, samaki wa kukaanga, bilinganya, mchicha wa nazi, matango. Nilijiona nimewakirimu kuliko sultani. Wakanawa. Sefu akasema karibuni, wakasema ahsante. Hakuna aliyegusa kitu. Mmoja akawa anachungulia pazia la jikoni, mwingine anakuna goti. Mikono ikawakaukia. Mwisho Mzee Shomari akakohoa.

"Bwana Sefu, mboga tumeziona, mashaallah. Chakula bado kinaiva?"

"Hicho ndicho chakula," Sefu akasema.

Angetaja sukari yake pale pale, yangekwisha. Lakini aliona haya kujitangaza mgonjwa mbele ya wakwe, na mie nyuma ya pazia sikumsaidia. Wazee wakatazamana. Kila mmoja akamega kipande cha samaki kwa adabu, wakashukuru, wakainuka.

"Mbona jibu sijatoa?" Sefu akashtuka.

"Tumelipata," akasema Mzee Shomari. "Mtu anayetaka kukupa binti yake hakunyimi punje ya wali. Mmekataa kistaarabu, nasi tumefahamu."

Sefu akawafuata mpaka barabarani, anaapa kwamba tumekubali. Wakadhani anaona aibu tu, wakampigapiga mgongo kumtuliza, wakaenda zao.

Zubeda hakupiga kelele. Alikaa chini jikoni akaniambia, "Wifi, umemponya kaka kwa mume wangu." Yalinichoma maneno yale, mwanangu. Yananichoma mpaka leo.

Asubuhi yake nikanunua mchele, nikapika pilau ya nyama, tukaenda nayo Buguruni. Sufuria alibeba Sefu mwenyewe, harufu inampanda puani, nami namkodolea macho njia nzima. Tukaingizwa kwa bibi wa yule kijana, Bi Kidawa, ambaye neno lake ndilo la mwisho nyumba ile. Tukamwamkia shikamoo. Nikapiga magoti, nikaeleza yote: zahanati, kabichi, kiapo changu, na kwamba Zubeda hana kosa.

Bi Kidawa alicheka mpaka kanga ikamvuka kichwani. Akaamuru watu wapakuliwe pilau, na Mzee Shomari akiwamo. Kisha akavuta bakuli lake lililofunikwa kwa kawa, ndani mna mchicha na kipande cha samaki changu, akamgawia Sefu nusu.

"Kula, mwanangu. Sukari ninayo mwaka wa sita huu," akasema. "Na wali napika kila siku. Muulize Shomari kama aliwahi kujua."

Mzee Shomari akalirudisha tonge sahanini, akachungulia lile bakuli. Jibu la posa likatolewa hapohapo, Zubeda akaolewa, na siku ya harusi mchele nilipika mie.

Basi, mwanangu, wewe na mwenzio mkikubaliana kuacha kitu, kiacheni pamoja wala msichekane. Lakini mwiko wenu uwe wa vinywa vyenu. Mgeni hakuugua, mpikie anachokijua, nyie mle chenu pembeni yake. Ukiambiwa punguza, punguza, usifute. Na ukiona kimya chako kinamkosesha mwingine haki yake, sema, hata kama unaona haya. Mwenyezi Mungu akupe siha, akujaalie mwenzi atakayekula unachokula hata kama hakimpendezi, na mlango wako usikaukiwe wageni. Amin.