Mashine ya minofu ilivyomnyamazisha Mama Nyangeta kwenye mkutano wa mtaa

Wakuu, heshima kwenu. Sitii chumvi hapa, haya nimeyaona kwa macho yangu na mengine nimeyafanya mwenyewe.

Nilikuwa mnoa visu kwenye kiwanda cha samaki hapa Musoma. Meza ya kukata sangara ilikuwa ya akina mama, na kiongozi wao ni Mama Nyangeta, mzaliwa wa Bukima. Kisu chake alikifunga uzi mwekundu kwenye mpini, ole wako ukikigusa.

Huyo mama ana mdomo! Mkutano wa mtaa ukianza, yeye ndiye wa kwanza kusimama. Mwenyekiti akikwepa swali la maji, anamrudisha palepale. Hakuwa na haja ya kumwomba mtu kitu, alikuwa na kazi yake.

Siku moja wakaja wageni na kamera. Tukaambiwa wanarekodi mikono ya mabingwa kwa ajili ya mafunzo. Akina mama wakagombania, wengine mpaka wakasuka nywele (na kofia za kiwandani zinafunika kila kitu, jamani). Mimi mjinga nikawanolea visu mara mbili, nikawaambia wakate taratibu waonekane vizuri.

Kumbe tunaifundisha mashine.

Mashine hiyo ya kukata minofu ilipofungwa kiwandani, meza ikaondolewa na akina mama wakaachishwa kazi. Mimi nami nje, maana nimnolee nani? Hakuna kikao, hakuna aliyetuuliza tunaonaje. Tulipewa barua getini.

Sasa kinachonichoma ni hiki. Juzi kulikuwa na mkutano wa mtaa, bomba bado kavu. Mama Nyangeta akanyoosha mkono. Mwenyekiti akatabasamu: "Mama, si uliniombaga nikuandike kwenye vibarua vya barabara? Orodha bado haijafungwa."

Akaushusha mkono. Wakuu, akaushusha!

Baadaye nikamuuliza, "Mama, mbona umekaa?"

"Mwanangu, zamani nilikuwaga nasema halafu naenda kazini. Sasa nikisema naenda wapi?"

Nilikasirika sana, na bado nina hasira. Wanatuambia mashine imechukua kazi tu. Kwetu imechukua mtu pekee aliyekuwa anamuuliza mwenyekiti maswali, ingawa kura zetu tunazo vilevile.

Wa Bunda mnaochambua pamba, wakija na kamera waulizeni kwanza ya nini. Na huko kwenu nani bado anasimama kuuliza? Semeni.

Msiniulize kwa nini mimi sikusimama siku ile. Jina langu limo kwenye orodha hiyohiyo.