Mwimbaji Aliyepanga Kwetu Chukwani

Vita vilipoanza Ukraine, mama alimpangisha chumba mgeni aliyekwama Unguja. Mama yake Mkazaki, baba yake mtu wa Ukraine. Kwetu alikuwa mpangaji mpole tu, aliyependa kuchambua mchele na mama barazani.

Siku moja mimi na mama tulikwenda naye Darajani sokoni. Watalii wawili kutoka Ukraine walipomwona wakaanza kulia.

"Huyu ni mwimbaji mkubwa kwetu, na Kazakhstan pia," mmoja akanambia kwa Kiingereza.

Wakamwomba wimbo. Akaimba palepale, kwanza kwa lugha ya baba yake, kisha ya mama yake. Wauza samaki wakaacha kunadi, wakasogea kumsikiliza.

Njiani mama akamuuliza, "Mbona hukutwambia?"

"Nlitaka niwe mtu wa nyumbani, Bi Mkubwa," akajibu kwa Kiswahili alichojifunza barazani kwetu.

Ameondoka siku nyingi. Mama hajakipangisha tena chumba kile.