Bilkisi, Chef wa Produit

Siku ya kwanza alipofika kwenye machimbo yetu, kando ya barabara ya Nzilo, alijitambulisha kwa maneno ambayo mtu mwenye akili timamu hayasemi mbele ya wachimbaji.

“Mi ni Bilkisi Amadi. Mi njo chef wa produit.”

Watu waliacha kutafuna. Kwetu Kolwezi produit ni kitu kimoja tu, yale mawe ya kobalti na shaba tunayoyapandisha kwa kamba na jasho. Sasa hapa kasimama mwanamke wa miaka thelathini hivi, kilemba cha kijani, viatu safi, anatuambia yeye ndiye mkubwa wa mawe yetu. Nkongolo, kiongozi wa kikosi chetu, alinisogelea sikioni.

“Kabamba, banatuuzisha?”

“Inaonekana tumeuzwa,” nilimjibu.

Ndipo akaeleza. Produit yake haikuwa mawe, ilikuwa programu ya simu. Kooperative yetu, ushirika wa wachimbaji, ilikuwa imeichukua ili ijue kila saa nani yuko shimoni na nani amepanda, na shimo letu ndilo lililochaguliwa kuijaribu kabla ya mengine. Kwa nini letu? Hakuna aliyesema. Kazi ya chef de produit, aliendelea, ni kuhakikisha kwamba anayeitumia simu hasumbuki. Nilicheka moyoni. Tangu lini mtu akalipwa mshahara ili mimi Kabamba nisisumbuke?

Mimi ni mwandishi wa mdomo wa shimo. Kwa miaka sita nimekaa pale na daftari, nikiandika majina ya Nkongolo na wenzake wanne wakishuka na wakipanda. Siku ile daftari likachukuliwa, nikapewa simu.

Bila shaka nilimchunguza. Niliambiwa ni mtoto wa mjini hapa hapa, wa familia ya Kiislamu iliyotoka mashariki zamani. Baba yake aliendesha lori kutoka Fungurume hadi mpakani. Mzee hakusoma Kifaransa, kwa hiyo msichana alipanda naye wakati wa likizo na kumjazia karatasi za forodha. Wanasema safari moja aliweka alama kwenye kisanduku kisicho chake, na baba akakaa mpakani siku nne. Kisha akaenda Lubumbashi kusomea mambo ya kompyuta. Wengine walimwonea huruma kwa hadithi hiyo. Mimi nilisikia jambo lingine: huyu mtu amezoea karatasi za serikali tangu utotoni.

Alirudi baada ya juma moja. Kwetu mwanamke havuki kamba iliyozunguka shimo, akivuka madini yanakimbia, na yeye hakubishana. Alisimama nje ya kamba akaniuliza, akiniita baba kwa heshima, “Tata Kabamba, kuko kitu yenye haieleweke?”

“Byote iko clair, mama.”

Nilidanganya. Kila asubuhi nilipoifungua simu, nilikuta majina ya jana bado yako shimoni. Nilijiambia labda ndivyo inavyotunza kumbukumbu, kwani hata kwenye daftari jina la jana halifutiki lenyewe. Lakini kumwambia yeye? Anayekuuliza mlango wako unafungwaje hajali usingizi wako. Nikafunga mdomo.

Juma la tatu likaisha, na tata Mbuyu, rais wa kooperative, akamwita Nkongolo. Nilikwenda naye. Rais alikuwa na karatasi iliyotoka kwenye ile programu. Ilionyesha kwamba Nkongolo na wenzake wanne walikuwa wameshuka siku ya kwanza na hawajapanda hadi leo.

“Munalalaka mule ndani,” rais alisema. “Munachimba kuelekea shimo ya benzenu, munapandisha produit mbele jua itoke.”

Nkongolo aliapa kwa kaburi la mama yake. Mkewe Tatiana alikuja kutoka mtaa wa Kasulo, akasema mumewe analala nyumbani na anakoroma mpaka majirani wanalalamika. Rais akamjibu kwamba mke atasema nini kingine. Simu, alisema, haina ndugu. Ijumaa kikosi kingeondolewa na shimo kupewa wengine. Watu watano, miaka sita ya kuchimba, mita ishirini na nane za udongo mgumu, na ndiyo kwanza walikuwa wamefika kwenye mshipa mzuri wa madini.

Mimi nilikuwa pale. Ningeweza kusema habari ya majina ya asubuhi. Sikusema. Niliogopa swali litakalofuata: na wewe mwandishi ulikuwa wapi?

Nje nilimshika Nkongolo mkono. “Ni ule mwanamuke. Eko nabadirisha majina kule ku ofisi yake. Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu.”

Akaniamini. Alikuwa akiniamini siku zote.

Jumatano Bilkisi akaja tena, safari hii bila maelezo. Aliomba kigoda, akakiweka nje ya kamba, kisha akaniomba nisogeze meza yangu mpaka kamba iguse mguu wa meza, aone mkono wangu. “Sikuje kukufundisha, tata. Fanya kazi yako kama siku yote.” Akatoa kalamu.

Mnajua mtu wa kutisha? Siyo anayepiga kelele. Ni yule anayekaa kimya na kalamu. Vumbi lilipofunika kioo na kidole kikakataa kushika, aliandika. Nilipoipindua simu kukwepa jua, aliandika. Nilipolamba kidole nikafuta, aliandika hata hilo! Nikajua ananitengenezea kesi. Nikakaza uso, nikafanya kila kitu polepole, ili asiwe na la kusema.

Kabla ya saa sita watu wakaanza kupanda. Nkongolo akatangulia, mwekundu kwa udongo. Nikagusa jina lake. Chini ya jina vikaja vitufe viwili, Maliza na Toka. Nikafinya Toka. Programu ikajifunga, ikaniuliza neno la siri, nikaliandika, nikaenda kwa jina la pili. Nikafinya Toka. Ikajifunga, ikauliza neno la siri. Haikunishangaza. Mashine inayotaka kuhakikisha kwamba bado ni wewe, hiyo naielewa.

Kalamu ya Bilkisi ikasimama.

“Tata Kabamba, sababu gani unafinya pale?”

“Anatoka. Mi nafinya Toka.”

“Na Maliza?”

Nilimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto. “Mama, jina ya mutu iko yulu pale. Mutu anatoka mu shimo muzima, kisha mi namumaliza?”

Kwetu kummaliza mtu ni kumuua. Mdomoni mwa shimo kuna maneno hatuyatamki, na hilo ni la kwanza. Hata chakula hatusemi tumemaliza, tunasema tumekula. Niweke kidole juu ya neno lile, chini ya jina la Nkongolo, mara mbili kwa siku? Hata kwa dawa.

Alifumba macho kidogo. Kisha akanieleza. Maliza ilikuwa na maana kwamba mtu amemaliza kazi na yuko juu. Toka ilikuwa ya kufunga programu, basi. Mwenzake Rémy aliyatafsiri maneno hayo ofisini kutoka Kifaransa, na yeye Bilkisi aliyasoma, akayaona mazuri. Kila nilipofinya Toka, nilikuwa nimejitoa mimi na kumwacha mtu chini.

“Kosa ni yangu,” alisema.

Sikumwamini. Mtu wa ofisi akisema kosa ni langu, shika mfuko wako, anatafuta wa kumbebesha. Usiku wote nilijua Ijumaa jina litakalotajwa ni Kabamba.

Ijumaa tukajaa kwenye baraza la kooperative. Bilkisi alisimama, akasema simu ilikuwa imekosea kwa sababu yeye aliijenga vibaya, na kwamba kikosi kilikuwa kikipanda kila siku. Rais alitikisa kichwa.

“Ile ni maneno ya kufunika, mama. Bitufe iko mbili tu. Nani anashindwa?”

“Haina neno, tata Président.” Akamsogelea na simu. “Tuandike jina moja. Mutoto wenu wa kwanza, anaitwa René, njo vile?”

“Njo vile.”

Akaandika René. Akamwomba rais amshushe shimoni, na rais akafinya Ingia bila taabu, akitutazama sisi wajinga. “Sasa René anapanda. Eko muzima, eko yulu. Muandike.”

Rais akagusa jina la mwanawe. Kidole kikaenda kwenye Maliza. Kikasimama hewani. Akasoma jina lililo juu, akasoma neno lililo chini.

“Ah, apana,” alisema kwa sauti ndogo. Akafinya Toka.

Programu ikajifunga. Bilkisi akaifungua, akamwonyesha. René bado alikuwa shimoni.

Rais akaweka simu mezani, akachukua ile karatasi ya mashtaka akaikunja mara nne. “Babaki ku shimo yabo,” alisema, akatoka bila kumwangalia mtu.

Nilimngoja Bilkisi nje. Hakuwa amelitaja jina langu hata mara moja, na hilo liliniuma kuliko kutajwa. Aliniuliza kwa nini siku ile nilimwambia kila kitu kiko sawa.

“Nilikuogopa,” nilisema. “Na majina nilikuwa nayaona kila asubuhi.”

Alikubali kwa kichwa. “Mi pia nilizani unabafunika Nkongolo na benzake. Njo maana nilikuja kukuangaria mukono.”

Jumatatu iliyofuata alisimama nje ya kamba na kuwauliza wachimbaji mmoja mmoja: mtu akifika juu, mnasemaje? Wote walisema neno lile lile. Baada ya siku chache simu ikarudi na kitufe kimoja kipana kama kiganja, kinachoonekana hata juani na kushika hata kidole cha vumbi: ANAPANDA, yaani kwetu amekwisha kupanda. Kile cha kufunga programu kikahamishwa mbali, mahali ambapo sijawahi kukigusa kwa makosa.

Naweza kusema sasa kwamba mwanamke yule alikuwa mtu wa kweli. Nimelisema hilo mbele ya watu, na si jambo dogo kwangu.

Nkongolo nilimweleza mwenyewe, yote, na majina ya asubuhi pia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana. Lakini sasa kila jioni, akishapanda na kuhesabu watu wake, haendi kunawa kwanza. Anakuja mezani kwangu na mikono yake yenye udongo, anasimama nyuma ya bega langu, na kuangalia kidole changu kinafinya wapi.

“Onyesha,” ananiambia.

Ninamwonyesha majina matano, moja moja, naye anayasoma yote kabla ya kwenda nyumbani.