Vijiko Vitatu vya Madida

Mshipa ulipopasuka kichwani mwa mume wangu, daktari alibandika karatasi juu ya kitanda, kwa herufi kubwa: ASIPEWE KITU KWA MDOMO. Koo limesahau kumeza, akatueleza. Chakula kipite kwenye mpira wa puani, la sivyo kitateremkia mapafuni. Nilielewa vizuri sana. Mimi ni Mkenya wa benki, napenda maagizo yaliyoandikwa.

Lakini Juba mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Kina mama wa kanisa walikuja kutoka Nyakuron na Gumbo na masufuria yao, wakaisoma ile karatasi kwa heshima zote, kisha wakafungua vifuniko. Kiongozi wa kikosi alikuwa wifi yangu, aliyekulia ukimbizini Uganda na asiyehitaji kipaza sauti.

"Huyu bibi iko naua ndugu yangu na njaa," akawatangazia. "Nyinyi naona ile mpira? Hiyo iko chakula?"

Siku mbili nzima niliulinda mdomo wa mume wangu kama sefu ya benki. Siku ya tatu mama mmoja akanong'ona, kwa sauti ya kusikika hadi getini, kwamba wake wa Kikenya hungojea urithi. Urithi gani? Pikipiki mbovu na makoti mawili! Hasira zikanipanda. Nikanyakua bakuli la madida, ule uji wao mzito wa mtama na karanga, nikamlisha mwenyewe vijiko vitatu mbele ya wote. Akakohoa. Wao wakapiga vigelegele, na mimi, mjinga wa mwisho, nikaona fahari.

Kesho yake alikuwa na homa kali na kifua kinakoroma. Uji ulikuwa umeingia mapafuni. Walipomwekea oksijeni niliogopa kuliko siku ile alipoanguka.

Daktari akauliza ni nani aliyemlisha. Kina mama wakaanza kukagua dari. Mimi nikakagua viatu vyangu.

"Iko mimi," akasema wifi yangu.

Akagombezwa mbele yetu sote kama mtoto mdogo.

Mume wangu alipona, baada ya wiki nyingi. Siku hizi kila mgeni akifika kwetu Atlabara, anasimuliwa jinsi dada mtu alivyotaka kumuua ndugu yake kwa madida. Watu hucheka mpaka machozi. Wifi hucheka nao, halafu hunitazama. Mimi huinuka nikaongeze chai.